Kabali ya Shemeji

Sehemu ya tisa

Hakufa. Nalitanguliza hilo kwa sababu simu yangu haijapumua tangu toleo lililopita. Wote mnauliza kama Nyundo alikata roho palepale ulingoni, mkono wa shemeji yake ukiwa shingoni. Hakufa. Ila msishangilie kabla ya kusoma, maana aliyekaribia kufa ni mwingine.

Na wewe uliyelikuta gazeti hili kwa kinyozi, hujui tunazungumza nini, sogea nikupe kwa ufupi. Nchi mbili jirani, moja inaabudu ngumi, nyingine inaabudu mieleka, ziliunda mashindano ya kuchanganya. Raundi ya kwanza ngumi, ya pili mieleka, ya tatu vyote ruksa. Mdhamini ni kampuni ya magodoro, msinicheke, na mwakilishi wake tunamwita Bwana Godoro. Huyo alishatangaza kwamba kampuni inajitoa. Wapenzi wa ngumi wanasema hii ni mieleka, wapenzi wa mieleka wanasema hizi ni ngumi, viti vinabaki vitupu. Pambano hili lilikuwa la kufungia duka. Na Mzizi, mpiga mieleka wa nchi ya pili, amemuoa dada yake Nyundo, bondia wa nchi ya kwanza. Umeelewa? Twende.

Raundi ya tatu. Mzizi alikuwa amempanda Nyundo mgongoni, amempiga kabali iliyokaza. Macho yalimtoka bondia wetu. Ulimi ulifuata.

Ndipo Nyundo alipoinua mkono akapiga sakafu ya ulingo. Pa! Pa! Pa!

Mzizi akaachia.

Balaa lote lilianzia hapo. Kwa watu wa mieleka, ukipiga sakafu umesalimu amri. Wamelelewa hivyo tangu wakiwa wadogo, na anayeendelea kukaba baada ya hapo wanamwita muuaji. Lakini bondia akiangushwa hupiga sakafu kujiamsha, kujitukana, kuwaonyesha watu wa kona yake kwamba bado yupo. Nyundo alizijua sheria za mashindano vizuri sana. Shida ni kwamba mtu aliyenyimwa pumzi hana sheria, ana mazoea tu.

Mzizi alisimama, akageuka, akainua mikono kuwashukuru watazamaji.

Nyundo aliinuka nyuma yake. Hakuona mikono iliyoinuliwa, aliona mgongo na shingo. Konde la kulia likaenda lenyewe na kutua nyuma ya sikio la kushoto la shemeji yake. Waliokaa mstari wa mbele walisikia mfupa.

Mzizi alianguka bila kujikinga, uso ukatangulia.

Mwamuzi wa siku hiyo naye alitoka kwenye ngumi. Aliona mtu yuko chini, akafanya anachokijua.

"Moja!" alianza kuhesabu. "Mbili!"

"Unahesabu nini, mwendawazimu wewe?" alifoka kocha wa mieleka, mzee mwenye shingo nene kuliko kichwa. "Pambano limekwisha! Yule alishapiga sakafu!"

"Tatu!"

Kocha alipanda ulingoni, akamkamata mwamuzi kiunoni, akamrusha juu ya kamba. Mwamuzi aliangukia meza ya watangazaji, meza ikavunjika katikati. Hiyo nne hakuifikisha.

Ukumbi ukalipuka. Shabiki wa ngumi alimkung'uta jirani yake kwa kiti cha plastiki, jirani akamjibu kwa chupa. Wapiga mieleka walivamia ulingo kutoka kona moja, mabondia kutoka kona ya pili. Meno yalitapakaa sakafuni. Kijana mmoja wa ngumi alipigwa ngwala, akakanyagwa mkono hadi akapiga yowe kama mtoto. Wale wale waliokuwa wakisema mchezo huu hauna ladha walikuwa wamesimama juu ya viti, simu juu, wanarekodi.

Katikati ya vurugu hiyo, Dada alipita.

Ni dereva wa gari la wagonjwa la ukumbi ule. Viatu vizito vya kazi, ovaroli, funguo kiunoni. Mwaka wa kwanza wa mashindano haya alimpakia Mzizi mbavu zikiwa zimevunjika, na walipofika hospitali walikuwa wameshapeana namba. Leo alimsukuma huyu, akamkanyaga yule, akafika, akapiga magoti. Damu ilikuwa inamtoka mumewe sikioni.

Akainuka. Akamfuata mdogo wake, akamzaba kofi la mgongo wa mkono. Mdomo ambao Mzizi alishindwa kuupasua kwa raundi mbili ukapasuka.

"Umempiga mume wangu kisogoni!"

"Dada, mimi sikusalimu amri!"

"Umepiga sakafu, nimekuona kwa macho yangu!"

"Nilikuwa najiamsha!"

"Basi amka!" Kofi la pili. "Amka uone ulichofanya!"

Nyundo aliangalia chini na kumwona shemeji yake, kope zikichezacheza, mguu mmoja ukitetemeka wenyewe. Hapo ndipo akili ilipomrudia. Alitaka kuinama amshike, lakini kocha wake alimdaka kwapani na kumkokota kuelekea vyumba vya ndani.

"Niache! Ni shemeji yangu yule!"

"Ukibaki hapa watakuua. Tembea!"

Walifika chumba cha kubadilishia nguo, wakafunga mlango, wakauegemeza benchi. Hawakumaliza hata kushusha pumzi. Mlango ulipigwa bega, mara ya pili ukapasuka, wakaingia wapiga mieleka watatu, vifua wazi, kila mmoja upana wa kabati.

"Yuko wapi mpiga visogo?"

Nyundo hakuwa na glovu tena, alikuwa na bandeji tu mikononi. Wa kwanza alikula konde la pua na kukaa chini akiwa ameishika damu yake kwa viganja viwili. Wa pili alipita chini ya ngumi, akamnyanyua Nyundo, akambamiza kwenye vigae vya bafu. Bomba lilikatika. Maji yakaruka mpaka darini. Kocha wa Nyundo alijaribu kuingilia kati. Wa tatu alimshika mkono, akauzungusha mara moja, na mkono ukaning'inia upande usio wake.

Nyundo alimng'ata mtu sikio. Nasema kweli, alimng'ata, na hakuona aibu. Alipiga kichwa, alipiga goti, alipiga na kiwiko. Aliteleza kwenye maji yenye damu, akapigwa mateke ya mbavu, akashika guu la benchi na kulizungusha likampata mtu ugokoni. Mwisho waliokuwa wamesimama walikuwa wawili, yeye na yule wa tatu, wote wakihema kama mbwa.

"Inatosha," sauti ilisema mlangoni. "Msimalize utamu wote bure."

Alikuwa Bwana Godoro. Suti ya kijivu, viatu vinang'aa. Alinyanyua suruali kidogo ili isiguse maji yale mekundu, akaingia akitabasamu. Nyuma yake walisimama walinzi, na nyuma ya walinzi Mratibu, mwanamke mfupi aliyeyabuni mashindano haya na kuyabeba mgongoni tangu siku ya kwanza. Macho ya Mratibu yalikuwa yamevimba kwa kulia.

"Nina habari njema," alisema Bwana Godoro. "Kampuni haiondoki."

Hata aliyevunjwa pua aliinua uso.

"Lile konde lako, kijana, liko kwenye kila simu. Watu ambao hawakujua kama tupo wanauliza marudiano ni lini. Miaka yote hii mlikuwa mnanipa michezo. Leo ndiyo mmenipa biashara."

"Marudiano gani?" aliuliza Nyundo akitema damu.

"Jumamosi ijayo. Wewe na Mzizi. Sheria ni zile zile, naondoa moja tu. Hakuna kusalimu amri. Hakuna kupiga sakafu, hakuna kutupa taulo, ili tusigombane tena nani alimaanisha nini. Mtu anatoka mshindi au anatoka kwa machela."

"Huo si mchezo," Mratibu alisema kwa sauti ndogo. "Ni machinjio."

"Sawa. Bandua mabango yangu, kesho uwatangazie vijana wa nchi mbili warudi makwao. Utasema?"

Mratibu alirudi nyuma ya walinzi. Mimi nilipoliandika hilo nilitamani kuingia kwenye ukurasa nimtingishe, lakini msimlaumu sana. Vijana wale aliwatoa kwenye kubeba zege na kusukuma mikokoteni, akawavalisha rangi za taifa. Si rahisi kuwarudisha huko kwa kinywa chako mwenyewe.

"Mzizi hawezi hata kusimama," alisema Nyundo.

"Hawezi kusimama, lakini kuongea anaweza. Nimemfuata kwenye machela na kamera. Amekubali, na dunia imemsikia."

Nyundo alimpiga kikumbo Bwana Godoro, akakimbia.

Chumba cha daktari wa ulingo kilikuwa mwisho wa korido. Kitanda cha chuma, taa ya kuchungulia macho, chuma cha kutundikia dripu, sinki, harufu ya dawa ya vidonda. Mzizi alikuwa amelala, kichwa kimefungwa, Dada ameketi pembeni amemshika mkono. Daktari alimvuta Nyundo kando.

"Fuvu lina ufa nyuma ya sikio. Sihitaji picha kulijua hilo, ukipagusa panabonyea. Akipigwa tena hapo, hata konde la kitoto, tunazika."

"Basi mzuie asipigane!"

"Mimi? Mimi wa kufunga bandeji? Atapimwa na daktari wa kampuni, na yule anaangalia mikono na miguu. Ikikunjika na kukunjuka, mtu ni mzima." Alichukua mkoba wake. "Nisamehe, huko nje kuna watu wanavuja damu."

Akatoka. Nyundo alisogea kitandani kwa hatua za mtu aliyeiba.

Mzizi alifungua jicho moja.

"Shemeji," alisema taratibu. "Hebu niambie ukweli. Ulisalimu amri au hukusalimu?"

"Nilikuwa najiamsha, shemeji. Naapa. Sikukuona umegeuka."

Mzizi alimtazama, kisha kifua kikaanza kumtingishika. Alikuwa anacheka, huku uso umekunjamana kwa maumivu. "Miaka yote hii tunapigana, halafu hatujawahi kuulizana jambo dogo hivyo. Ningejua, ningekukaba mpaka ulale."

Nyundo akacheka naye, machozi yakimtoka. Ilimuuma sana. Alimpenda mtu huyu. Alimpenda tangu siku alipokuja kujitambulisha nyumbani, amevaa tai inayombana, akavunja kiti kwa uzito na kuomba radhi mpaka ikawa kero.

"Waambie umejitoa," alisema Nyundo.

"Siwezi."

"Utakufa!"

"Nikijitoa, yule bwana anaondoka na mashindano yanakufa. Vijana wangu wataenda wapi? Na kwetu mtu akipigwa kisogoni akanyamaza, hata mtoto hamwamkii. Halafu, shemeji, mashindano haya ndiyo yaliyonipa mke."

"Yalikupa mke," Dada alisema bila kuinua uso, "na Jumamosi yatampa mkeo ujane."



"Basi ninajitoa mimi," alisema Nyundo. "Apigane na kivuli."

"Hapana." Sauti ilitoka mlangoni. Alikuwa Mratibu, hakuthubutu kuvuka kizingiti. "Bwana Godoro ameshalifikiria hilo. Ukijitoa, amemwita Sanda."

Msomaji, Sanda hujakutana naye, na bora usingekutana naye. Ni bondia aliyefungiwa na chama cha ngumi kwa sababu alimpiga mtu aliyekwishazimia akiwa amening'inia kwenye kamba, akampiga, akampiga tena, mwamuzi akimvuta kiuno. Yule mtu bado yupo hai. Mama yake humlisha kwa kijiko.

"Sanda hana leseni," alisema Nyundo.

"Leseni ya ngumi hana. Haya si mashindano ya ngumi, wala ya mieleka. Sisi tuko katikati, hakuna chama kinachotugusa. Niliyaunda hivyo mwenyewe, nikajiona mjanja." Mratibu alifuta uso kwa mkono wa blauzi. "Nisameheni." Akaondoka.

Hesabu ilikuwa mbaya kila upande. Nyundo akipigana, akikosea sentimita chache tu, anamuua mume wa dada yake. Asipopigana, Sanda hatakosea.

Dada aliinuka. Akaufunga mlango. Akazungusha ufunguo.

"Mvunje mkono," alisema.

Nyundo alidhani hakusikia vizuri. "Nini?"

"Mume wangu. Mvunje mkono sasa hivi. Kichwa kibovu hakionekani, wanaweza kukificha chini ya kofia. Mkono uliopinda unaonekana hata kwenye televisheni. Daktari wao hawezi kumpitisha mpiga mieleka mwenye mkono mmoja. Sio wewe, sio Sanda, hakuna atakayempata."

"Dada, mpakie kwenye gari, mtoroshe!"

"Nimtoroshe niende naye wapi? Hata nikimfungia stoo, Jumamosi atavunja mlango arudi kwa miguu yake. Unamjua."

"Mke wangu," alisema Mzizi kutoka kitandani, "nipo hapa, nasikia."

"Najua unasikia."

Mzizi alimtazama mkewe, akautazama mlango uliofungwa, akamtazama shemeji yake. Kicheko kilimwisha. Polepole, kwa mkono mmoja ukutani, akasimama.

"Usinisogelee, shemeji. Nitakuumiza."

"Kichwa usikiguse," Dada alimwambia mdogo wake. "Kwingine kote ruksa."

Nyundo aliingia chini, kwa mara ya kwanza maishani akiwa bondia asiyeruhusiwa kupiga uso. Alimgonga Mzizi tumboni. Mzizi alimshika kiunoni na kumtupa kwenye kabati la dawa. Vioo vilimwagika mgongoni. Nyundo aliinuka navyo, akamrudia, akamkamata kifundo cha mkono. Mzizi alikuwa mgonjwa, hata hivyo alikuwa na nguvu ya watu wawili. Alimpiga goti la mbavu zile zile zilizopigwa mateke. Alimfinya koo. Walizunguka chumba kidogo kile wakivunja kila kilichosimama, na kila mara Mzizi alipoyumba kuelekea ukutani, Nyundo aliacha kupigana akamdaka asijigonge. Umewahi kuona pambano la namna hiyo? Mtu anamshambulia mtu na kumlinda kwa wakati mmoja.

Hatimaye miguu ya Mzizi ilimsaliti, akaketi kitandani. Dada aliruka nyuma yake, akakikumbatia kichwa cha mumewe kwa mikono miwili, akakibana kifuani kwake kisigonge popote.

"Sasa!" alipiga kelele. "Nimemshika! Sasa!"

"Mke wangu, niache!"

"Sikuachi! Nakupenda, mjinga mkubwa wewe, sikuachi! Piga!"

Nyundo aliulaza mkono wa shemeji yake juu ya ukingo wa chuma wa kitanda, kiwiko kikining'inia nje. Aliukandamiza kwa mkono wa kushoto. Aliinua ngumi ya kulia, ile iliyompa jina. Machozi yalimzuia kuona.

"Nisamehe, shemeji."

Akaishusha kwa nguvu zake zote.

Mzizi alijipindua.

Ka!

Mlio wa mfupa ulijaa chumba. Dada alifumba macho, akakibana kichwa kile zaidi. "Imekwisha," alinong'ona. "Imekwisha, mume wangu, pole, imekwisha."

Hakuna aliyepiga yowe. Dada alifumbua macho. Mkono wa Mzizi ulikuwa mzima. Aliuinua, akaugeuza, akakunja vidole.

Nyundo alikuwa amepiga magoti kando ya kitanda, mdomo wazi, sauti haitoki. Ngumi yake ya kulia ilikuwa imetua kwenye chuma. Vidole viwili vilitazama nyuma, na mfupa mweupe ulikuwa umechungulia juu ya bandeji.

"Shemeji," alisema Mzizi, na uso ulimpauka. "Shemeji, mkono wako."

Alitaka kuinuka amsaidie. Hakuweza. Damu mbichi ilianza kumtiririka sikioni, ikalowesha ovaroli ya mkewe, naye akalegea mikononi mwake.

Nyundo hakuwa na haja ya daktari wa kampuni. Jumamosi hatapigana. Amemwondoa ulingoni mtu pekee ambaye angejaribu kukosa shabaha.

Mlango uligongwa taratibu, kwa adabu.

"Hodi," ilisema sauti nyembamba ambayo Dada hakuijua, lakini Nyundo aliijua, na rangi yote ikamtoka. "Naitwa Sanda. Nimeambiwa mgonjwa yumo humu. Nimekuja kumpa pole. Ni sikio la kushoto, eti?"

Kitasa kilizunguka, kikakwama. Kikazunguka tena.

Dada alimlaza mumewe, akamfunika shuka mpaka shingoni. Akang'oa mfuko wa dripu, akakishika kile chuma cha dripu kwa mikono miwili, akausogelea mlango, akageuza ufunguo.

"Karibu," alisema.